Kubadili tangi la samaki wa maji chumvi kuwa la maji baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye tangi la samaki wa baharini, nyumbani, hotelini au ofisini, ambaye ameamua kuhamia maji baridi bila kununua tangi jipya. Nitasema mapema upande ninaouegemea. Tangi lililokuwa la bahari, lenye mawe na mchanga wa matumbawe, ni nusu ya safari ya kwenda Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa. Ukilipeleka huko, yaani ukiweka samaki wa maziwa hayo, vingi ulivyonavyo vitaendelea kufanya kazi. Ukilipeleka Amazon, utatupa karibu kila kitu kilicho ndani ya kioo.

Tangi lililokaa na maji ya bahari miaka mingi linaweza kweli kufaa?

Linaweza. Kioo hakinywi chumvi, na silikoni inayoshika vioo haidhuriki kwa maji ya bahari. Vitu vitatu ndivyo vinavyobaki na athari za bahari: mawe, mchanga, na mabaki ya dawa zenye shaba. Hivyo ndivyo vinavyotaka muda wako. Kagua pia mfuniko, skrubu na vishikio vya taa, kwa sababu chumvi hula chuma, na kutu ikidondokea kwenye tangi jipya utakuwa umeanza vibaya.

Nitapata unafuu gani?

Wa kwanza ni chumvi yenyewe. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 300 linahitaji kilo 10 na nusu kulijaza mara moja, na zaidi ya kilo moja kila unapobadili asilimia 10 ya maji. Anayechota baharini haingii gharama hiyo, lakini anabeba madumu. Wa pili ni uvukizi: maji yakipungua kwenye tangi la chumvi, chumvi hubaki na makali yake hupanda, ndiyo maana ulikuwa unaongeza maji kila siku. Maji baridi hayana haraka hiyo. Wa tatu watu hawaufikirii. Kwenye nyuzijoto 26, maji baridi hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na maji ya bahari hayafiki 7. Umeme ukikatika, tofauti hiyo ndogo inakupa muda zaidi wa kuhangaika.

Kazi ya kubadili maji kila wiki haiondoki.

Samaki wangu wa baharini siwezi kuwazoesha, nikipunguza chumvi kidogo kidogo?

Hapana, usijaribu. Damu ya samaki ina chumvi kama theluthi moja ya ile ya bahari. Kitatange, kangaja au samaki wa anemoni akiwa baharini hupoteza maji mwilini saa zote, kwa hiyo hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi ya ziada kupitia matamvua. Samaki wa maji baridi ana shida iliyo kinyume: maji humwingia bila kukoma, naye hukojoa sana na kuvuta chumvichumvi kutoka kwenye maji ili zisimwishie. Figo na matamvua ya samaki wa miambani yameumbwa kwa kazi moja tu kati ya hizo mbili. Ukishusha chumvi polepole, unachorefusha ni kufa kwake.

Kuna dawa ya kumtumbukiza samaki wa bahari kwenye maji yasiyo na chumvi kwa dakika chache ili kuangusha vimelea. Hiyo ni tiba ya dakika, isikufanye uamini anaweza kuhamia huko.

Wapo samaki wachache wanaovumilia pande zote mbili. Moli wanaouzwa kila duka la samaki wa mapambo wanaishi kwenye maji baridi na wanaweza kuzoeshwa hadi chumvi ya bahari, na kurudi. Monodactylus wa fedha, anayeonekana kwenye mikoko na midomo ya mito yetu, hupita kwenye maji ya viwango vingi vya chumvi, ingawa akikomaa hustawi zaidi penye chumvi. Hao ni wa pekee.

Basi niwapeleke wapi nilionao?

Wape wenye matangi ya bahari au warudishe dukani, na ufanye hivyo kabla hujagusa pampu hata moja. Usiwarudishe baharini, hata kama unaamini walitoka pwani hii hii. Samaki aliyechanganywa dukani na wenzake kutoka Indonesia au Bahari ya Shamu anaweza kuwa na magonjwa ambayo mwamba wa kwenu hauna. Tumeona matokeo kwingine: samaki wa miiba wa jenasi ya Pterois, ambao kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, walianza kuonekana Florida katika miaka ya 1980, na leo wamejaa Karibi wakila makinda ya samaki wa huko.

Matumbawe magumu nayo yana sheria zake. Yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo ukimpa mwenzako mjini ni jambo moja, na ukitaka kuyavusha mpaka wa nchi ni jambo jingine linalohitaji kibali.

Maji ya zamani nayamwaga wapi?

Kwenye mfereji wa maji machafu wa nyumba. Usiyamwage bustanini wala kwenye shina la mti, chumvi itaua udongo. Wala usiyamwage ufukweni, maana yana mbegu za mwani na vijidudu vya tangi. Mwani wa Caulerpa taxifolia ulioenea Mediterania ulionekana kwa mara ya kwanza porini mwaka 1984, jirani na jengo la makumbusho ya bahari la Monaco.

Kioo chenyewe nikisafishe vipi?

Siki nyeupe, kitambaa na subira. Ule ukoko mweupe unaojikusanya ukingoni, kwenye bomba la kufurikia na chini ya mfuniko, una chumvi na chokaa ndani yake. Chumvi huyeyuka kwa maji ya kawaida. Chokaa hubaki, na madoa ya zambarau ya mwani wa matumbawe hubaki pia. Lowesha kitambaa kwa siki, kilaze juu ya doa, subiri nusu saa. Utaona vipovu vidogo vikichemka chini ya kitambaa, kisha ukoko unalainika na kutoka kwa kadi ya plastiki bila kukwaruza. Wembe utumie katikati ya kioo tu, usiukaribie mshono wa silikoni. Sabuni weka mbali kabisa.

Usiwe na hofu ya kila chembe ya chumvi. Chukulia lita 5 za maji ya bahari zimebaki kwenye mabomba na sampu (lile tangi la chini la kuchujia) ya tangi la lita 300. Hizo ni gramu 175 za chumvi, yaani takriban gramu 0.6 kwa lita baada ya kujaza. Siklidi, samaki wa Tanganyika na Nyasa ninaowapendekeza, hawatalijali hilo, na baada ya kubadili maji mara kadhaa litakuwa limekwisha.

Mawe hai nayo? Nimeyanunua kwa bei mbaya.

Mawe yenyewe yatakaa. Uhai uliomo hautakaa, na hapa ndipo watu wengi wanapoua samaki wao wa kwanza.

Jiwe moja lenye ukubwa wa kichwa cha mtu lina minyoo, sponji, kaa wadogo, konokono na mwani ndani ya vitundu usivyoviona. Ukilitia kwenye maji baridi, vyote hivyo hufa ndani ya saa chache, tena ndani ya jiwe, mahali mkono wako haufiki. Kesho yake maji yanakuwa ya ukungu. Siku inayofuata yana harufu ya samaki aliyesahaulika juani. Amonia inapanda hadi kipimo chako kinafika mwisho wa rangi, na itaendelea kupanda kwa wiki kadhaa kadiri mizoga ya ndani inavyooza.

Kwa hiyo, yaue mawe nje ya tangi. Kabla ya yote, hakikisha hayana zoanthidi, yale matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati vyenye nyuzinyuzi pembeni. Baadhi yake yana palitoksini, sumu kali sana. USICHEMSHE mawe haya, usiyasugue yakiwa makavu, usiyapige kwa maji ya mashine yenye nguvu. Kuna familia zilizolazwa hospitalini kwa kuvuta mvuke wa jiwe lililochemshwa jikoni. Ukiyakuta, mpe jiwe zima mwenye tangi la bahari.

Mawe mengine yote loweka kwenye pipa la plastiki, nje ya nyumba, sehemu moja ya jiki kwa sehemu kumi za maji, siku mbili. Vaa glavu na miwani. Mwaga, suuza, kisha loweka kwenye maji safi yenye dawa ya kuondoa klorini, ukibadili maji hadi harufu ya jiki iishe kabisa. Mwisho yaanike juani wiki mbili au zaidi, ukiyageuza. Jua letu ni dawa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jiwe lililokauka mpaka moyoni huwa jepesi mkononi na halitoi harufu ukilinusa kwa karibu. Likinuka, bado.

Na siki ile ya kusafishia kioo isikutane na jiki hata tone. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na chumba kidogo hakina pa kukimbilia.

Mchanga wa matumbawe niutupe?

Utupe kama unataka samaki wa maji laini, yaani yenye madini kidogo. Ubakize kama unataka samaki wa Tanganyika au Nyasa, lakini usiubakize ndani ya tangi. Mchanga wenye kina cha sentimita 8 au 10 uliokaa miaka una tabaka jeusi chini lisilo na oksijeni, na ukilitibua linatoa harufu ya mayai viza, ambayo ni haidrojeni salfaidi. Utoe wote, uoshe ndoo kwa ndoo mpaka maji yatoke safi, uanike. Ukiurudisha, kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha.

Niliwahi kutibu samaki kwa dawa ya shaba. Ni tatizo?

Inategemea utaweka nini. Shaba huingia kwenye mawe na mchanga wa chokaa, kisha huachiwa polepole, hasa maji yakiwa na pH (kipimo cha uchachu) ya chini. Samaki wanaweza kuvumilia kiasi kidogo, lakini uduvi na konokono hawavumilii. Kama dawa iliwekwa ndani ya tangi hilo hilo, ushauri wangu ni kutupa mawe na mchanga bila kujadiliana, kuosha kioo, kisha kutumia kipimo cha shaba baada ya maji mapya kukaa wiki. Maji laini huongeza ukali wa shaba, hiyo ni sababu nyingine ya kutokwenda na mawe hayo Amazon.

Vifaa gani vibaki na vipi niviuze?

Skima, kile kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, iuze. Chumvi ndiyo inayozuia vipovu vidogo visiungane, na bila chumvi vipovu huwa vikubwa, povu halisimami, na kikombe hakikusanyi kitu. Watu huacha skima ikizunguka kwenye maji baridi wakidhani inasafisha. Inakula umeme tu.

Sampu ibaki, ni hazina. Weka ndani yake sponji na vyombo vya kukaa bakteria pale palipokuwa na skima. Hita ibaki. Pampu za mawimbi zipunguze nguvu au ubakize moja. Mbuna, siklidi wa miambani wa Ziwa Nyasa, wanapenda mkondo kiasi; siklidi wanaoishi kwenye magamba ya konokono hawaupendi. Taa za matumbawe zina bluu nyingi na nguvu nyingi mno. Kama zinadhibitiwa, punguza bluu, shusha nguvu, washa kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu kila siku. Usipofanya hivyo, mwani wa kijani utakufundisha ndani ya mwezi mmoja. Kichujio cha osmosi, kinachotoa chumvi na madini kwenye maji, kibaki tu kama maji yako ni mabaya, na hilo nitalieleza mbele. Kipima chumvi mpe mwenzako.

Bakteria niliokuwa nao kwenye kichujio si wataendelea na kazi?

Usitegemee hivyo. Kazi yao ni ile ile, kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitreti, lakini wanaoifanya baharini sio wanaoifanya ziwani. Mwaka 1996 Timothy Hovanec na Edward DeLong walilinganisha bakteria wa matangi ya maji baridi na ya maji chumvi, wakakuta jamii hizo zinatofautiana. Utafiti uliofuata mwaka 1998 ulionyesha kwamba kwenye matangi ya maji baridi kazi ya kula nitriti hufanywa na bakteria wa aina ya Nitrospira. Ukitoa chumvi ghafla, kichujio chako kinarudi karibu na sifuri, na wale waliokufa ndani yake nao wanaoza.

Kwa hiyo osha vyombo vya kichujio, kisha anza upya kama tangi jipya. Njia ninayoipendekeza ni hii. Jaza maji, washa pampu na hita, tia amonia safi isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Usipoipata, funga kipande kibichi cha kamba wa kuliwa ndani ya soksi nyembamba na ukining'inize kwenye sampu. Kinanuka lakini kinafanya kazi. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itashuka na nitriti kupanda, kisha nitriti itashuka na nitreti kupanda. Siku ambayo unatia amonia jioni na kesho yake jioni vipimo vya amonia na nitriti vyote vinasoma sifuri, tangi limeiva. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Ukipata sponji chafu kutoka kwenye kichujio cha rafiki mwenye tangi la maji baridi lenye afya, muda unaweza kupungua sana. Chukua hiyo sponji na iweke ikiwa bado imelowa.

Kuna jambo la kuogopesha hapa kwa anayelenga Tanganyika. Ukali wa amonia hutegemea pH. Kwenye nyuzijoto 25 na pH 7, amonia yenye sumu ni kama asilimia 0.6 tu ya jumla yote unayopima. Kwenye pH 8.5 inafika asilimia 15. Kipimo kile kile ambacho samaki wa Amazon angekivumilia siku nzima kinaweza kuunguza matamvua ya siklidi wako. Usiharakishe kwa sababu watoto wanauliza samaki wako wapi.

Nitumie maji gani: bomba, kisima au mvua?

Maji ya bomba yanafaa kwa wengi, baada ya kuondoa klorini. Kuyaacha kwenye ndoo wazi siku nzima yakipulizwa hewa huondoa klorini ya kawaida, ila haiondoi kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kwa hiyo dawa ya matone ni salama zaidi.

Kisima cha pwani kichunguze kwanza. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi iliyopenya chini ya ardhi, na ladha pekee haitoshi kukuambia ni kiasi gani. Kipimo kidogo kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme kitakuonyesha. Maji yakiwa na zaidi ya miligramu 1,000 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita, changanya na ya mvua au tumia kichujio cha osmosi.

Mvua ni laini mno na haina kitu cha kushikilia pH. Ni nzuri kwa samaki wa maji laini, na kwa siklidi inahitaji kuongezewa madini. Acha mvua ya kwanza ioshe paa.

Kwa nini unasisitiza Tanganyika na Nyasa?

Kwa sababu kemia inakubali. Mawe na mchanga wa matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Kwenye maji baridi huyeyuka polepole na kushikilia pH kati ya 7.8 na 8.2 hivi, pamoja na ugumu wa maji. Samaki wa maji laini wanateseka humo. Ziwa Nyasa lina pH ya takriban 7.8 hadi 8.6, na Tanganyika hufika 8.6 hadi 9.0. Mawe ambayo kwa mwingine ni kikwazo, kwako ni kifaa kinachofanya kazi usiku na mchana bila umeme.

Halafu kuna samaki wenyewe. Anayetoka kwenye miamba ya bahari amezoea rangi na vituko, na anaogopa kwamba maji baridi yatamchosha. Tanganyika ina zaidi ya spishi 200 za siklidi, karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Kuhe, anayeliwa Kigoma, ni siklidi mkubwa kuliko wote wa ziwa hilo. Ndugu yake Neolamprologus multifasciatus ana urefu wa sentimita 3 hadi 5 na huishi ndani ya gamba tupu la konokono. Mtazame dume akihama: anachota mchanga kwa kinywa, anautema pembeni, gamba linazama kidogo kidogo mpaka mdomo wa gamba tu ndio unaobaki juu, kisha anasimama mlangoni na kumfukuza kila anayepita, hata aliyemzidi mara tano.

Kuna Julidochromis wanaolea makinda kwenye nyufa za mawe. Kuna Cyprichromis wanaoelea kwa makundi na madume yenye mikia ya njano au bluu. Kuna Synodontis multipunctatus, jamaa wa gogogo, anayepenyeza mayai yake katikati ya mayai ya siklidi anayeatamia kinywani, ili mama wa watu amlelee. Neolamprologus brichardi, ambaye ndugu wakubwa husaidia kulinda wadogo, amepewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura. Samaki hawa wamekuwa kwenye sebule za Ujerumani na Marekani kwa zaidi ya miaka 50. Inaniuma kuona sebule ya Dar es Salaam ina samaki wa dhahabu pekee.

Nianze na samaki gani?

Tangi la lita 100 hadi 200: kundi la siklidi wanaoishi kwenye magamba ya konokono na jozi ya Julidochromis kwenye rundo la mawe upande mmoja. Wape magamba mengi kuliko idadi yao. Ya konokono wa bustanini yanafaa, yakiwa matupu, yamechemshwa na yana upana wa sentimita 4 au 5.

Lita 300 hadi 400: mbuna wa Nyasa, kwa mfano Labidochromis caeruleus wa njano, ambaye ni mpole kuliko wenzake. Au Tropheus wa Tanganyika, kundi la 12 au zaidi, si wawili wala watano, maana wakiwa wachache mmoja atapigwa mpaka afe. Tropheus hula mwani. Ukiwapa chakula chenye protini nyingi matumbo huvimba na utawapoteza. Usiwachanganye na wala nyama.

Cyphotilapia frontosa ni samaki wa fahari, lakini hupita sentimita 30. Chini ya lita 500 usimfikirie.

pH yangu haifiki 8.6. Nitie magadi?

Usitie magadi ya sokoni. Myeyusho wake hufika pH 10 hivi, na yana floridi nyingi kwa viwango visivyotabirika. Tumia soda ya kuokea, ile ya keki. Kijiko cha chai, kama gramu 5, kwa lita 100 hupandisha ugumu wa kaboneti kwa takriban digrii 1.7. Iyeyushe kwenye jagi, itie kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Chumvi ya Epsom huongeza magnesi, na Tanganyika ina magnesi nyingi kuliko kalsiamu. Lakini samaki waliozaliwa matangini wanaishi vizuri kwenye 8.2 isiyoyumba kuliko kwenye 8.8 inayopanda na kushuka kila wiki.

Mimi nataka mimea ya kijani na neoni, wale samaki wadogo wa Amazon.

Sawa. Ondoa mawe yote, ondoa mchanga wote, weka changarawe isiyochemka ukiitilia siki, vijiti vya mti, na taa nyeupe ya kelvini 6,500 hivi. Kioo, sampu na hita vitabaki. Ukitaka mimea na mawe yako pamoja, Anubias na Vallisneria huvumilia maji magumu. Vallisneria huota hata ndani ya Ziwa Tanganyika.

Jumla itachukua muda gani?

Miezi miwili kwa asiye na papara. Wiki moja kuwahamisha samaki na kumwaga maji, wiki mbili au tatu za kuua na kuanika mawe, na wakati yanaanikwa unaweza kuwa umeshaanza kuivisha kichujio kwenye tangi tupu. Kisha weka mawe, pima tena amonia kwa wiki nzima, ndipo ulete samaki wachache.

Siklidi wakizaana wengi, naweza kuwaachia mtoni au ziwani?

Hapana, hata kama ni ziwa walikotoka mababu zao. Tropheus wa mwamba mmoja wa Kigoma ana rangi tofauti na wa mwamba ulio kilomita chache kusini, kwa sababu hawavuki ghuba za mchanga kukutana. Makinda ya dukani huwa yamechanganywa, na ukiwaachia unavuruga kilichojitenga kwa maelfu ya miaka. Ziwa Viktoria lilipoletewa sangara katika miaka ya 1950 na 1960, furu walipungua vibaya katika miaka ya 1980, na spishi nyingi hazijaonekana tena. Wagawie wenzako, wauze dukani, au tenganisha madume na majike.

Nikitaka kurudi baharini baada ya miaka mitatu?

Utaweza, kwa masharti mawili. Usitumie dawa ya shaba ndani ya tangi hilo hata siku moja; watibu wagonjwa kwenye ndoo au tangi dogo la pembeni. Na usitupe bomba la kufurikia wala vifuniko vyake, kwa sababu vipimo vyake havifanani kutoka tangi hadi tangi na vipuri ni vigumu kupatikana. Mawe utayaanika tena, utayatia kwenye maji ya chumvi, na utaanza kuhesabu wiki za bakteria upya.